Wapoland wa Ifunda: vita walishinda, mbona kwao hawakurudi?

Mwalimu_Mufindi

Kamwene nyote. Wakubwa shikamooni.

Nafundisha Historia kidato cha tano na cha sita katika shule moja huku Mufindi. Wiki iliyopita niliwapeleka wanafunzi 31 Ifunda, kwenye makaburi ya wakimbizi wa Poland walioishi pale wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tupo kwenye mada ya Vita Baridi, na nilikuwa nimechoka kuifundisha kwa notisi peke yake. Notisi zetu zinaanza hivi: baada ya 1945 dunia iligawanyika kambi mbili, ya kibepari chini ya Marekani na ya kikomunisti chini ya Urusi. Mtoto anakariri, anaandika, anapata alama zake, na akishatoka kwenye chumba cha mtihani hakuna kinachobaki kichwani.

Tulipofika kulikuwa na ule upepo wetu wa mwezi wa saba unaopenya sweta. Watoto wakaanza kuhangaika na majina, maana yamejaa herufi z na w zilizofuatana. Binti mmoja, mkimya sana darasani, akasimama mbele ya kaburi la mtoto ambaye hakufikisha miaka miwili. Akapiga hesabu kwa vidole. Halafu akaniuliza, "Madam, hawa walikuwa upande wa walioshinda, si ndiyo?" Nikamwambia ndiyo. Vita vyenyewe vilianza siku Hitler alipoivamia Poland, 1 Septemba 1939, na askari wao walipigana pamoja na Waingereza hadi mwisho. "Sasa kama walishinda, mbona hawakurudi kwao?"

Nikasema kwao kulichukuliwa na wakomunisti. Akanijibu, "Lakini Urusi nayo umetufundisha ilikuwa upande huohuo. Na mwaka uleule wakaanzisha Umoja wa Mataifa pamoja."

Dereva alikuwa anapiga honi, giza linaingia. Nikawahimiza wapande basi. Lile swali limenikaa kooni tangu siku hiyo.

Naomba mnisaidie. Yale matumaini ya 1945, kwamba mataifa makubwa yatakaa meza moja na kulinda amani, yalikuwa ya kweli? Na waligeukana wapi hasa, kwa jambo gani? Jibu la notisi ninalo. Natafuta jibu ambalo naweza kumpa yule binti akiwa amesimama palepale kwenye lile kaburi.

Kijana_wa_Uyole

Madam, kwa nilivyosoma mimi tarehe yake ipo wazi: 12 Machi 1947. Siku hiyo Rais Truman alilihutubia Bunge la Marekani akiomba dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki zisiangukie kwa wakomunisti. Mwaka mmoja kabla yake, 5 Machi 1946, Churchill alikuwa ameshasema kule Fulton, Missouri, kwamba pazia la chuma limeshuka katikati ya Ulaya. Juni 1947 ukaja Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, Stalin akaukataa, Ulaya ikawa mbili. Hao Wapoland kwao kukabaki upande wa pili wa pazia, ndiyo maana hawakurudi.

Mzee_wa_Wangingombe

Marahaba mwanangu mwalimu. Na wewe kijana wa Uyole, tarehe zako ni sahihi, ila umeanzia katikati ya safari. Kufikia Machi 1947 wale akina mama wa Ifunda walikuwa wamekosa pa kurudi kwa miaka miwili. Nivumilieni, nitaandika kwa kirefu kidogo, kwa sababu jambo hili nimeishi nalo tangu utoto.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimezaliwa jirani na Kidugala. Watu wengi wameisikia kambi ya Tengeru kule Arusha kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko zote, ilikuwa na watu karibu 5,000, lakini huku kwetu nyanda za juu zilikuwapo mbili, Ifunda na Kidugala. Kidugala ilikuwa misheni ya Walutheri wa Kijerumani, wale wa kutoka Berlin. Vita vilipoanza Waingereza waliwaweka Wajerumani kizuizini, na baadaye wakaletwa Wapoland.

Mama yangu wakati huo alikuwa binti wa miaka kumi na miwili hivi. Alikuwa akipeleka kambini maziwa na mayai, asubuhi na mapema, miguu peku, kwenye ule umande wetu. Mpaka anafariki mwaka 2011 maneno mawili hayakumtoka: *mleko*, maziwa, na *jajka*, mayai. Alituambia kambini walijaa wanawake na watoto, wanaume ni wazee na wagonjwa tu. Sisi tukiwa wadogo tulidhani waume zao wote walikufa. Nilikuja kuelewa nikiwa chuo cha ualimu, na nilipoelewa nilirudi nyumbani nikamsimulia mama. Alinyamaza muda mrefu sana.

Mambo yalikuwa hivi. Hitler aliingia Poland kutoka magharibi tarehe 1 Septemba 1939. Tarehe 17 mwezi huohuo Stalin akaingia kutoka mashariki, kwa sababu mwezi Agosti walikuwa wamepatana kwa siri kuigawana. Notisi zenu zinaruka hapo, mwalimu, na hapo ndipo penye mzizi. Usiku wa kuamkia 10 Februari 1940 askari wa Kisovieti walianza kubisha hodi kwenye nyumba za Wapoland wa mashariki. Familia nzima zilipewa muda mfupi wa kufunga mizigo, zikasukumwa kwenye mabehewa ya kubebea mizigo, zikapelekwa Siberia, na zilizofuata Kazakhstan. Wengi walikufa kwa baridi na njaa.

Juni 1941 Hitler akamgeuka Stalin. Stalin sasa anahitaji marafiki, akakubali kuwaachilia Wapoland, na jenerali wao Anders akaunda jeshi kutokana na hao wafungwa. Mwaka 1942 jeshi hilo likavuka Bahari ya Kaspi kwenda Irani pamoja na maelfu ya wanawake na watoto. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake na watoto wakatafutiwa mahali pa kukaa, India, Meksiko, na kwetu Afrika Mashariki. Kwa hiyo waume wa wale akina mama wa Kidugala wengine walikuwa hai. Walikuwa Italia. Mei 1944 Wapoland ndio walioichukua Monte Cassino, mlima uliokuwa umewashinda wenzao miezi minne, na makaburi yao yapo pale mpaka leo.

Sasa njoo Yalta.

Kuanzia 4 hadi 11 Februari 1945 Roosevelt wa Marekani, Churchill wa Uingereza na Stalin wa Urusi walikutana katika kasri la Livadia, kule Krimea. Kuna watu wanaoieleza Yalta kama genge la wezi wakigawana mali. Sikubaliani nao. Roosevelt alikuwa mgonjwa, alikuwa na miezi miwili tu ya kuishi, na alisafiri umbali ule wote kwa sababu aliamini kweli kwamba akimpata Stalin ndani ya Umoja wa Mataifa, vita vya tatu havitakuja. Alikuwa ameona Shirika la Mataifa la mwaka 1920, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, likifa kwa sababu Marekani ilikataa kuingia. Hakutaka kosa lirudiwe kwa kuiacha Urusi nje. Ndiyo sababu pale Yalta walikubaliana juu ya kura ya turufu katika Baraza la Usalama, yaani taifa kubwa moja likisema hapana uamuzi haupiti: mkubwa hataingia kwenye nyumba ambamo anaweza kupigiwa kura na kutolewa. Alipolirudia Bunge lake, 1 Machi, aliwaambia kwamba mambo ya mataifa makubwa kujitengea maeneo ya himaya na kuundiana ushirika wa kivita sasa yawe yamekwisha. Mimi naamini alimaanisha.

Lakini bei ya kumpata Stalin ilikuwa nini? Poland ya mashariki. Mpaka ukasogezwa magharibi. Lwów ikawa ya Kisovieti, Wilno ikawa ya Kisovieti, na vijiji vya watu wengi wa Ifunda na Kidugala vikawa ndani ya dola ileile iliyowapakia kwenye mabehewa miaka mitano nyuma. Poland ikaahidiwa kufidiwa kwa ardhi ya Wajerumani upande wa magharibi, na ikaahidiwa uchaguzi huru. Ule uchaguzi ulikuja Januari 1947, ukaibwa mchana kweupe.

Mama alinisimulia kwamba mwaka fulani, mvua zikinyesha, mahindi yanatoa mbelewele, alifika kambini na kibuyu chake cha maziwa akakuta hakuna mnunuzi. Akina mama wote walikuwa kanisani. Wengine walikuwa wamekaa nje kwenye matope wanalia, na hakuna aliyekufa. Akarudi na maziwa yake nyumbani, akachapwa kwa kuonekana hakuyatembeza vya kutosha. Mahindi yetu hutoa mbelewele mwezi wa pili. Nikamwambia, "Mama, nadhani ile ilikuwa Yalta." Hakuwa amewahi kulisikia hilo neno.

Kwa hiyo mwalimu, ukiniuliza waligeukana wapi, nakujibu: swali la nani atawale Poland ndilo lilikuwa la kwanza. Roosevelt alifariki 12 Aprili 1945. Tarehe 23 Truman, siku ya kumi na moja tangu aapishwe, alimwita Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Stalin, akamfokea kuhusu Poland. Siku mbili baadaye, tarehe 25, mkutano wa kuunda Umoja wa Mataifa ukafunguliwa San Francisco. Mataifa 50 yalikuwapo. Poland, nchi ambayo vita vilianzia kwake, haikuwapo, kwa sababu wakubwa hawakuelewana ni serikali ipi ialikwe, ile ya Wapoland waliokimbilia London au ile iliyowekwa na Stalin. Mpiga piano Artur Rubinstein, Myahudi wa Poland, alipanda jukwaani mjini humo kwenye tamasha la kuusherehekea mkutano, akaona bendera ya nchi yake haipo, akawaambia watu hivyo na kuwapigia wimbo wa taifa wa Poland.

Tarehe 5 Julai 1945 Uingereza na Marekani zikaacha kuitambua serikali ya London. Fikiria mama yule wa Kidugala. Serikali iliyomwandikia karatasi zake imefutwa, na waliofuta ni Waingereza walewale wanaomlisha.

Mwambie binti yako kwamba waliruhusiwa kurudi. Wachache walirudi. Wengi walikataa kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa tena Poland.

Mstaafu_Reli_Iyunga

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma kwa heshima na nimejifunza. Ila naomba niongeze upande ambao umeupitia haraka, kwa sababu mwalimu anakwenda kuongea na watoto, na watoto wakisikia upande mmoja watadhani ugomvi ulikuwa na mwovu mmoja.

Nchi ya Kisovieti ilipoteza watu milioni 27 katika vita vile. Marekani ilipoteza kama 400,000. Nimeendesha na kutengeneza injini za treni miaka 30, nimezoea namba, lakini hizi mbili siwezi kuzilinganisha kichwani. Leningrad ilizingirwa siku 872, watu wakala gundi na mikanda ya ngozi. Na Wajerumani walipita wapi? Poland. Mwaka 1914 mapigano yalikuwa huko, 1941 wakapita huko, na kabla yao Napoleon mwaka 1812. Stalin alisema hivyo pale Yalta: kwake Poland ni suala la usalama, ni mlango ambao adui amepitia mara mbili katika miaka thelathini. Hilo halihalalishi mabehewa ya Siberia. Lakini kiongozi yeyote wa Kirusi wa mwaka 1945, hata angekuwa mpole, angetaka huo mlango awe na ufunguo wake.

Na wenzake hawakuwa wasafi. Oktoba 1944 Churchill alikwenda Moscow akaandika kwenye kipande cha karatasi asilimia: Romania, Warusi 90, Ugiriki, Waingereza 90, Yugoslavia nusu kwa nusu. Akakisukuma mezani. Stalin akaweka tiki. Desemba ile Waingereza walipokuwa wakiwapiga risasi wapiganaji wa mrengo wa kushoto mjini Athens, Stalin alikaa kimya, akitegemea naye ataachiwa Poland kimya hivyohivyo. Sasa anapoona anafokewa kwa jambo ambalo mwenzake amelifanya Ugiriki, atamwaminije?

Halafu kuna bomu la atomiki. Lilijaribiwa 16 Julai 1945 jangwani New Mexico, siku moja kabla ya mkutano wa wakubwa haohao watatu kule Potsdam, Ujerumani. Tarehe 24 Truman akamsogelea Stalin na kumwambia kwa kifupi kwamba wana silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Basi, hakuongeza. Stalin alikuwa anajua tayari kupitia majasusi wake, na bila shaka alijiuliza rafiki gani anakuficha kitu kama hicho miaka mitatu. Wiki mbili baadaye Hiroshima na Nagasaki.

Hata hapo kulikuwa na nafasi, na hili ndilo linaloniuma mimi kuliko Yalta. Juni 1946 Marekani, kupitia Bernard Baruch, ilipeleka Umoja wa Mataifa pendekezo kwamba nishati ya atomiki yote iwe chini ya chombo cha kimataifa chenye wakaguzi, na atakayevunja asiweze kujikinga kwa kura ya turufu. Marekani ingeharibu mabomu yake mwishoni, mfumo ukishasimama. Siku tano baadaye Gromyko, mjumbe wa Stalin, akaleta la Kisovieti: haribuni mabomu kwanza, ukaguzi baadaye. Nani atangulie, basi! Hakuna aliyetangulia. Agosti 1949 Warusi nao wakalipua la kwao. Watoto wetu wanaishi na hayo mabomu mpaka leo kwa sababu watu wazima walishindwa kukubaliana nani aweke panga chini kwanza.

Kijana wa Uyole ametaja Mpango wa Marshall. Kuna jambo humo watu hawalijui: Czechoslovakia ilikubali kuhudhuria mkutano wake na Poland nayo ilitaka. Julai 1947 Stalin akawaita Moscow viongozi wa Czechoslovakia, wakarudi nyumbani wamekataa. Hapo namlaumu Stalin wazi.

Nimalizie kwa la kwetu. Mimi nimefanya kazi na Wachina tangu reli ya TAZARA inajengwa, nilikuwa kijana mdogo kipande cha Mlimba hadi Makambako, kipande kigumu kuliko vyote, mahandaki na madaraja kila ukigeuka. Wakati Wachina wakitandika mataruma, Wamarekani walikuwa wanajenga barabara kuu ya kwenda Zambia, sambamba nasi. Pale Mbeya unavuka vyote viwili kwa muda mfupi. Huo ugomvi wa Yalta na Potsdam, kufika kwetu, ulikuwa umeshaongezeka wagombanaji, na sisi tulipata lami kwa mmoja na reli kwa mwingine. Wengine, Wapoland mfano, walipata makaburi Ifunda. Simlaumu mtu kwa hili. Nasema tu kwamba nilipokuwa nikilala kwenye hema kule Mlimba sikujua kwamba huko juu nyanda za juu kuliwahi kuwa na kambi ya watu waliosagwa na ugomvi uleule.

Mwalimu_Mufindi

Wazee wangu, asanteni sana. Nimesoma haya usiku, nikarudia alfajiri. Mzee wa Wanging'ombe, lile la mama yako kuchapwa kwa maziwa ambayo hayakununuliwa limenitoa machozi.

Bado nina donge moja. Nikimsomea yule binti haya yote, ataniuliza: kwa hiyo Umoja wa Mataifa ulikuwa uongo tangu siku ya kwanza? Ulizaliwa huku kiti cha Poland kikiwa kitupu, na wakubwa wameshapeana turufu. Nimjibu nini?

Mzee_wa_Wangingombe

Kwanza nimjibu ndugu yangu wa Iyunga. Marahaba. Umesema kweli kuhusu hizo milioni 27, na mimi nilipaswa kuzitaja. Kuhusu Ugiriki pia. Nilikuwa naandika nikiwa nimekaa na mama kichwani, nikasahau kwamba mama wa Leningrad naye yupo. Pale kwenye ufunguo wa mlango ndipo siwezi kukufuata. Mlango ule ulikuwa nyumba ya watu.

Sasa wewe mwalimu. Hapana, haukuwa uongo. Na ushahidi wangu unatoka palepale Yalta.

Kati ya mambo waliyokubaliana Livadia kuna moja ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa kwenye magazeti: udhamini. Walikubaliana kwamba nchi zilizokuwa chini ya Shirika la Mataifa, yakiwemo makoloni ya zamani ya Mjerumani, ziwekwe chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Nchi hizo ni zipi? Mojawapo ni Tanganyika. Angalia basi. Katika siku zilezile nane, ndani ya kasri lilelile, walizungumzwa Wapoland waliokuwa Ifunda na Wahehe waliokuwa wakiwauzia viazi. Hakuna kati yao aliyealikwa.

Ibara ya 76 ya Hati ya Umoja wa Mataifa inasema shabaha ya udhamini ni kuwaendeleza watu kuelekea kujitawala au uhuru. Tanganyika iliwekwa rasmi chini yake Desemba 1946. Hapo tukapata kitu ambacho jirani zetu wa Kenya hawakuwa nacho: haki ya kupeleka malalamiko New York, na wajumbe wa kuja kutukagua, kuanzia 1948 na kila baada ya miaka mitatu hivi. Mwaka 1952 Wameru walionyang'anywa ardhi walimtuma Kirilo Japhet akazungumze kule mwenyewe. Ujumbe wa mwaka 1954 ukaandika kwamba Tanganyika inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Waingereza walikasirika sana, na aliyelisukuma jambo hilo alikuwa Mmarekani, Mason Sears. Machi 1955 Mwalimu Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini. Na katika baraza hilo Mrusi naye alikuwa na kiti, mara kwa mara akimbana Mwingereza. Alikuwa na sababu zake, alitaka kumwaibisha mpinzani. Lakini ukiwa mtu wa Tanganyika huchagui anayekusemea mahakamani kwa sababu ya tabia yake ya nyumbani.

Wapoland nao chombo hicho kiliwagusa. Februari 1946, kwenye Baraza Kuu lililokutana London, mojawapo ya mabishano makali ya mwanzo kati ya Mashariki na Magharibi lilikuwa kuhusu wakimbizi. Vyshinsky wa Urusi alitaka warudishwe kwao. Mjane wa Roosevelt, Eleanor, akasimama kumpinga: mtu asirudishwe kwa nguvu. Upande wa Eleanor ulishinda kura. Likaundwa shirika la kimataifa la wakimbizi, Warusi wakakataa kujiunga, na shirika hilo ndilo lililowatafutia watu wa kambi zetu nchi za kwenda: Uingereza, Kanada, Australia. Mwaka 1949 yatima zaidi ya mia moja wa Tengeru walipelekwa Kanada, na serikali ya kikomunisti ya Warsaw ikapiga kelele kwamba watoto wake wameibwa. Watoto ambao ilikuwa haijawapelekea hata kipande cha sabuni.

Kwa hiyo mwambie binti hivi: karatasi iliyotiwa saini San Francisco haikuwa na nguvu ya kumrudisha huyu mtoto kijijini kwao, kwa sababu aliyekikalia kijiji alikuwa mmoja wa walioandika karatasi yenyewe. Lakini ilitosha kuzuia mama yake asifungwe kamba na kurudishwa Siberia. Na ilitosha kumpa mtoto wa Kihehe wa rika lake, aliyekuwa ng'ambo ya ua, mahali pa kwenda kudai nchi yake.

Kijana_wa_Uyole

Shikamooni wazee. Nakiri nilijibu kwa notisi. Hiyo ya Yalta kuwa na udhamini na Poland pamoja sikuwahi kuiona mahali. Mzee, mama yako aliwahi kujua wale wateja wake walikwenda wapi?

Mzee_wa_Wangingombe

Marahaba. Alijua wa mmoja tu. Mama mmoja aliyekuwa akinunua mayai kila Jumamosi alimwachia sindano za kufumia sweta, za chuma, jozi moja, akamwonyesha kidole kusini na kusema "Australia". Mama alidhani ni kijiji karibu na Songea. Zile sindano alizitumia mpaka macho yalipomshinda. Sweta langu la kwanza la shule lilifumwa nazo.

Mwalimu_Mufindi

Nimemwomba mkuu wa shule, amekubali turudi Ifunda mwezi ujao, na safari hii tufike mpaka Kidugala. Yule binti nimempa kazi ya kusoma Ibara ya 76 mbele ya wenzake. Mzee, kama afya inaruhusu, tungeomba utupokee. Na ukiweza uje na hizo sindano.

Mzee_wa_Wangingombe

Nitawapokea. Njooni kabla ya Novemba, mvua ikianza ile barabara ya kutoka lami inateleza na basi halitapanda. Mlete na fyekeo tatu au nne, nyasi zimekuwa ndefu mwaka huu na makaburi ya upande wa chini hayaonekani. Chakula msibebe, dada zangu watapika.